Dohani Isiyotoa Moshi

Watu wa mtaa wa Podbrdo walikuwa na desturi ya kushika kifungo kila walipomwona Vitomir Spasenić akipita na ngazi begani. Mtoto aendaye shule, mama atokaye kununua mkate, hata kasisi mwenyewe, kila mmoja alipeleka vidole kwenye kifungo cha koti lake na kunuia jambo moyoni, kwa kuwa katika sehemu hizo za magharibi ya Serbia msafisha dohani, mweusi wa masizi kuanzia kofia hadi viatu, huhesabiwa kuwa mtu wa bahati. Vitomir alikuwa amewagawia bahati hiyo kwa miaka thelathini na minne. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mikono mikubwa na hatua za kupima, na hapakuwa na paa mtaani ambalo hakulijua kwa nyayo zake.

Majira ya baridi yanayohusika hapa yalimkuta na umri wa miaka sitini na sita, amekwisha kustaafu, ingawa majirani waliendelea kumwita. Mkewe, Rosanda, alikuwa hawezi tena kupanda vidato vitatu vya mlangoni bila kusimama katikati. Hakuwahi kuvuta sigara hata siku moja. Alikuwa mwimbaji wa kanisani. Sauti ikaanza kumkatikia kwenye nyimbo ndefu, kisha kwenye nyimbo fupi, na mwishowe ikawa inamkatikia hata akiomba chumvi mezani.

Mwezi wa Novemba daktari wa hospitali ya mjini alimwita Vitomir kando ya dirisha.

"Mzee wangu," alimwambia, "dawa nimempa zote nilizo nazo. Kilichobaki ni hewa. Mtoe kwenye ule moshi wa huko kwenu mpaka baridi iishe, au uutoe moshi wenyewe. Akifika Aprili mapafu yakiwa yametulia, tutakuwa na mahali pa kuanzia. Asipofika..."

Alichukua faili la mgonjwa mwingine.

Kumtoa ilikuwa vigumu. Hawakujaliwa watoto, na kaka pekee wa Rosanda alikaa Belgrade kwenye ghorofa ya tano ya jengo lisilo na lifti, katika hewa isiyokuwa na nafuu kubwa. Zaidi ya hayo, Rosanda mwenyewe hakutaka kusikia habari hiyo.

"Siendi kufia kwenye ngazi za watu," alisema. "Nataka kuuona mplamu wetu ukichanua, hapa uani kwangu. Ukishachanua, nipeleke utakako."

Mplamu huchanua mwanzoni mwa Aprili. Vitomir alihesabu majuma kwa vidole akiwa ndani ya basi, akayakuta kumi na tisa.

Podbrdo imekaa chini ya kilima, nyumba kumi na mbili kwenye barabara moja. Siku zisizo na upepo, baridi hutulia bondeni na moshi wa majiko ya kuni hauendi juu. Hupanda kidogo, hujuta, kisha hurudi na kulala juu ya mapaa kama kifuniko cha sufuria. Vitomir alikuwa ameuona tangu utotoni, na hakuwahi kujiuliza unatoka wapi, kama vile mtu asivyojiuliza jioni inatoka wapi.

Juma lile lile Stamena, mjane wa nyumba ya jirani, alimwita kwa sababu jiko lake lilikuwa linarudisha moshi ndani. Vitomir alifungua kilango cha chini cha dohani, akaingiza brashi, akaivuta. Masizi makavu humwagika kama unga. Haya hayakumwagika. Yalikuwa yanang'aa, yananata kama lami, na yalikuja na harufu ya siki iliyooza.

"Mama Stamena, unachoma nini humu?"

"Nichome nini, fundi? Kuni."

"Za lini?"

"Za Oktoba, kama kila mtu. Na kila nikienda kulala naweka gogo la usiku, nafunga hewa, asubuhi nakuta kaa bado lina moto." Alimtazama kwa tabasamu la mwanafunzi anayejua jibu. "Si ndivyo ulivyotufundisha wewe mwenyewe?"

Vitomir alikaa chini juu ya ndoo yake.

Ilikuwa kweli. Katika ile miaka migumu ya vikwazo vya kiuchumi, kuni zilipokuwa haba na watu wakilala na makoti, ni yeye aliyepita nyumba hadi nyumba akiwaonyesha namna ya kufanya: chagua gogo nene la mwaloni, lililo bichi zaidi ya yote, liweke juu ya makaa kabla ya kulala, kisha funga kilango cha hewa kibaki upana wa kidole. Gogo halitawaka, litafuka polepole hadi asubuhi. Watu walimshukuru kwa mayai na jibini. Miaka ile ikapita, gogo likabaki. Kila nyumba ya Podbrdo ililifukiza kila usiku, na kila asubuhi Rosanda aliamka akitafuta pumzi kama mtu aliyepoteza funguo.

"Fundi, vipi? Umeona nyufa?"

"Hapana," alijibu Vitomir. "Dohani ni nzima."

Alifikiri kwa siku nyingi namna ya kuwaambia. Mwishowe aliona nafasi iliyofaa ni sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa ukoo wa Obren, kwa kuwa siku hiyo mtaa mzima hukaa meza moja. Obren aliishi upande wa pili wa barabara, mkabala na Vitomir. Alikuwa dereva wa lori mstaafu, mkubwa wa tumbo na wa sauti, na hakuna aliyewahi kuondoka kwake na njaa. Ilikuwa mchana. Mshumaa wa sikukuu ulikuwa unawaka, kabichi zilizofungia nyama zilikuwa zimekwisha kuzungushwa mara mbili, na jiko lilinguruma pembeni. Vitomir aliinuka na kikombe chake kidogo cha rakija, pombe kali ya matunda.

"Majirani, niliwafundisha vibaya," alisema. "Lile gogo la usiku. Naomba mliache."

Obren alipiga meza.

"Jamani, mnasikia? Fundi anastaafu mara ya pili! Safari hii anastaafu akili!"

Watu walicheka. Vitomir alingoja wamalize.

"Rosanda hapati pumzi, Obren. Daktari amesema ni moshi."

"Pole, ndugu yangu, pole kabisa. Lakini huo moshi ni wangu? Tazama viwanda kule mjini, tazama malori. Mimi na jiko langu dogo ndio tumeziba mbingu?"

"Viwanda viko maili saba. Dohani yako iko hatua thelathini kutoka kitandani kwake."

"Kwa hiyo nigande? Mama watoto ana baridi yabisi ya magoti. Nimwambie, mke wangu, leo tunalala kama samaki wa barafuni kwa sababu fundi kabadili mafundisho?" Aliinua kikombe. "Miaka ishirini na tano unakuja hapa kukwangua masizi hayo na kulipwa. Hukuona kitu?"

Vitomir alikunywa, akakaa, akala alichowekewa, kwa sababu kukataa chakula cha sikukuu ni tusi, kisha akaenda nyumbani.

"Walisemaje?" aliuliza Rosanda.

"Wamecheka."

"Hata mimi ningecheka." Alivuta pumzi mara mbili. "Umeniletea keki?"

Alikuwa amemletea.

Zamani Vitomir aliwahi kuona, kwenye karatasi iliyobandikwa ofisi ya zimamoto, maelezo ya kuwasha moto kwa juu, naye akayacheka kwa kiburi cha fundi. Sasa aliyakumbuka. Asubuhi ya pili baada ya sikukuu alisafisha jiko lake, akapanga magogo mazito chini, membamba juu yake, vijiti juu kabisa, akawasha kileleni kama mtu anavyowasha mshumaa. Kuni zake zilikuwa zimekauka miaka miwili bandani, maana katika hilo alikuwa mwangalifu siku zote. Moto uliteremka taratibu, na moshi uliotoka kwenye kuni za chini ulilazimika kupita katika ndimi za moto, ukaungua humo humo. Alitoka uani, akatazama juu. Dohani ilitoa mtetemo wa hewa ya joto tu, kama barabara ya lami wakati wa Julai.

Alirudi ndani, akamfunika mkewe blanketi miguuni. Walikuwa wanakunywa chai mlango ulipogongwa.

Alikuwa Stamena, amejifunga kitambaa cheusi, mkononi ana pakiti ya kahawa, sukari ya vipande na mshumaa. Nyuma yake alisimama Obren, kofia kifuani, macho mekundu.

"Mungu ampe pumziko jema," alisema Stamena, na machozi yakamtoka. "Kaka Vitomir, kwa nini hukutuita? Mtu hukaa na msiba peke yake?"

"Nani amekufa?" aliuliza Rosanda kutoka ndani.

Stamena alidondosha sukari.

Haikuwa ajabu walivyofikiri. Huko Podbrdo, wakati wa baridi, dohani ndiyo inayosema kwamba nyumba ina mtu. Dohani isiyotoa moshi hadi saa tatu asubuhi ina maana moja tu, na watu huanza kutafuta nguo nyeusi bila kuuliza.

"Wewe Obren," alisema Rosanda, "ulikuwa unanililia mimi?"

"Nani analia? Baridi hii inauma macho."

"Njoo ulie hapa karibu nikuone vizuri. Na hiyo kahawa msirudi nayo, imeshakuwa yangu."

Ilikuwa mara ya mwisho Vitomir kumsikia mkewe akicheka, na kicheko chenyewe kiligeuka kikohozi kilichodumu hadi chai ikapoa. Wale wawili walisimama ukutani wakikisikiliza. Hawakuwahi kukisikia kwa karibu. Kikohozi kilipotulia, Obren alikwenda kwenye jiko, akaweka kiganja juu ya chuma, akakiondoa upesi.

"Linawaka," alisema, kama aliyetapeliwa.

Vitomir aliwaonyesha, hatua kwa hatua. Jioni ile Stamena alijaribu kwake, na keshoye nyumba nyingine mbili zikajaribu. Zote zilijaza mtaa moshi kuliko kawaida. Vitomir alikwenda, akachukua gogo moja uani kwa Stamena, akaligonga kwa jingine. Lilitoa sauti ya kiatu kwenye matope, ilhali gogo kavu hulia kama kengele ya mbao. Hapo ndipo alipoona ukubwa wa kosa lao wote. Kuni za Podbrdo hununuliwa Oktoba, mti ukiwa umeanguka Septemba, na huchomwa Novemba. Hakuna ujuzi wa kuwasha unaoweza kuuondoa moshi wa kuni zenye maji. Aliyetaka kubadilika majira yale hakuwa na cha kubadilikia. Ilimpasa anunue kuni masika na kungoja mwaka.

Rosanda hakuwa na mwaka.

Kwa hiyo Vitomir alifungua banda lake. Kila siku mchana alijaza toroli kuni zake kavu, akazipeleka nyumba hizo tatu, kisha nne, kisha tano, akachukua kuni zao mbichi badala yake na kuzipanga penye upepo kwa ajili ya watu wa mwaka ujao. Wengine walipokea kwa haya, wengine kwa furaha ya mtu anayefanya biashara na kichaa. Obren alikataa.

"Sichukui kuni za mgonjwa," alisema langoni kwake.

"Basi acha gogo la usiku."

"Fundi, usinisumbue. Mke wangu akilala baridi, asubuhi hasimami. Wewe una mke, na mimi nina mke."

Januari ilikwenda hivyo. Siku nyingine, upepo ulipopita juu ya kilima, Rosanda aliweza kukaa dirishani na kuutazama mplamu, mweusi na mtupu. Alimwuliza mumewe kama anaona matumba ya maua kwenye matawi, naye Vitomir, ambaye hakuwa akisema asilolijua, alitoka akaangalia, akarudi kusema yapo, madogo kama vichwa vya njiti za kiberiti.

Februari ukungu ulishuka, ukakaa siku kumi na mbili. Nyumba sita za Podbrdo ziliendelea na magogo yao, na moshi wa hizo sita ulitosha. Ulipita kwenye viungo vya madirisha ambavyo Vitomir alikuwa ameviziba kwa matambara yaliyoloweshwa. Rosanda alilala ameegemezwa mito mitatu, na mashine ya oksijeni waliyoazimwa na hospitali ilivuma kando yake kutwa. Alipotaka kusema, aliinua kidole kwanza ili Vitomir angoje.

Siku ya kumi na moja banda likaisha kuni. Vitomir alisimama mlangoni mwake akitazama vumbi la magome sakafuni. Alikuwa amewagawia majirani kuni za majira mawili, na sasa hakuwa nazo za kufika Machi. Zilizokuwa zimepangwa uani zote zilikuwa mbichi. Kuzitia jikoni ilikuwa ni kumfukizia mkewe moshi kwa mkono wake, ndani ya nyumba yake.

Alitafuta kitu kikavu. Viti vilikuwa vimepakwa rangi, na kabati vivyo hivyo. Moshi wa rangi ni sumu zaidi. Kisha akaiona ngazi, imetundikwa ukutani. Ilikuwa ya baba yake kabla ya kuwa yake. Mti wake ulikuwa umekauka kwa karibu miaka sitini. Aliigonga kwa vidole, ikalia.

Obren alimkuta mbele ya lango, ngazi imelazwa juu ya magogo mawili, msumeno mkononi, vidato vinne vimekwisha kukatwa.

"Vitomir. Unafanya nini, bwana?"

"Nakata kuni."

"Hiyo si ngazi?"

"Ilikuwa."

"Utapandaje?"

"Nimeshapanda vya kutosha. Najua kilichoko huko juu."

Obren alisimama akitazama msumeno ukienda na kurudi. Dirisha la chumba lilikuwa juu ya vichwa vyao, na pamoja na sauti ya msumeno ilisikika ile ya Rosanda akivuta hewa, ndogo, kama mlango mkavu unaofunguliwa na kufungwa na mtu asiyeamua aingie au atoke. Obren alivuka barabara, akarudi kwake.

Ngazi ilitosha kwa jioni ile na kwa usiku. Iliwaka vizuri sana.

Alfajiri ukungu ulikuwa bado upo. Rosanda aliinua kidole. Vitomir alingoja.

"Fungua dirisha."

"Ni baridi, Roso. Na moshi."

"Fungua."

Aliondoa matambara, akafungua upana wa kiganja. Alisimama akinusa, akidhani pua yake imezoea moshi hata haisikii tena.

"Leo hainuki," alisema Rosanda.

Alivuta pumzi kadhaa, bila haraka, kama anayeonja supu. Kisha akazipunguza. Vitomir alishika mkono wake mpaka mashine ikabaki inavuma peke yake, na baada ya muda mrefu akaizima.

Alimfumba macho, akawasha mshumaa, akavaa suti yake nyeusi. Kaa la ngazi lilikuwa bado jekundu jikoni. Alikaa kitini, akangoja majirani waje. Saa mbili ikapita, na saa tatu, na saa nne ikakaribia. Alisikia watu wakipita barabarani, Stamena akimwita paka wake, mtu akipasua kuni. Hakuna aliyegonga.

Ndipo alipoelewa. Dohani yake haikutoa moshi asubuhi ile, kama ambavyo haikutoa asubuhi yoyote tangu Desemba. Haikuwa na habari tena ya kumpa mtu.

Kwa hiyo alitoka mwenyewe, akaanza na mlango wa mkabala. Obren alikuwa uani, shoka mkononi. Alipoiona ile nguo nyeusi langoni, vidole vyake vilikwenda vyenyewe kwenye kifungo.

"Haya, bahati imeingia! Leo nani anaoa, fundi?"

Obren alitazama uso wa Vitomir, kisha akatazama dohani ya ng'ambo, kisha uso tena. Mkono ukashuka kutoka kwenye kifungo.

"Lini?"

"Alfajiri."

"Tungejuaje, ndugu yangu? Dohani yako si..."

"Ndiyo maana nimekuja."

Obren aliegemeza shoka ukutani, likaanguka, akaliacha hapo hapo.

"Jana sikuweka gogo," alisema. "Niliacha jiko lizimike. Tulilala na makoti, mke wangu amenitukana hadi asubuhi. Nilisema ngoja, labda usiku mmoja tu..." Sauti yake kubwa ilikuwa imepungua mno. "Kulikuwa na tofauti? Alilala kidogo?"

Vitomir aliliokota shoka, akaliegemeza tena ukutani.

"Aliniambia nifungue dirisha," alisema. "Nikafungua. Akasema hainuki."

Obren alikaa juu ya gogo la kupasulia kuni, akashika magoti yake kwa mikono miwili. Nyumba tano za upande wa chini zilikuwa bado zinafuka, na moshi wake ulikuwa unarudi taratibu juu ya mapaa.

"Mlango wa pili nani?" aliuliza Obren hatimaye.

"Stamena."

"Stamena nenda wewe, mimi siwezi kumwambia. Nipe zile tano za chini." Aliinuka, akavaa kofia, kisha akaivua tena. "Nitawaambia yote. Na hilo la dirisha nitawaambia."

Vitomir alifunga koti, akageukia lango la mjane.